Kikapu Kinahitaji Sakafu Ngumu

Mhariri,

Unyonge wa timu ya taifa ya mpira wa kikapu huanzia mbali na Dar es Salaam, kwa kuwa mchezo huu, ambao mchezaji hulazimika kuudunda mpira kila anaposogea nao, hauchezeki kwenye viwanja vya udongo kama vya kwetu Maretadu, Mbulu, ambako baada ya mvua mpira hutua topeni ukabaki hapohapo. Mbulu ilimtoa John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, maana mbio hazidai sakafu; Hasheem Thabeet, mchezaji wa kikapu aliyechaguliwa wa pili, na timu ya Memphis Grizzlies, katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya NBA ya Marekani mwaka 2009, alikulia Dar es Salaam, penye viwanja vya saruji. Shirikisho la mpira wa kikapu na halmashauri zijenge haraka japo uwanja mmoja wa saruji katika kila tarafa, wenye magoli ya kimo halali cha mita 3.05.

Msomaji,
Maretadu, Mbulu