"Expedite" sio "fanya haraka" jamani!

Leo sina picha wala umbea. Nina hasira na kitenzi kimoja cha kimombo.

Stori yenyewe fupi. Matokeo yangu ya somo moja hayaonekani tangu muhula uliopita. Mtihani nilifanya, na sahihi yangu ya mahudhurio ipo. Bila matokeo sisajiliwi, bila kusajiliwa hakuna bumu, na mnaonijua mnajua siku hizi nakula kwa nani. Nikaandika barua. Bosi wa kwanza akaipiga wino mwekundu: "Please expedite." Ikaenda meza ya pili, nako wakaongeza: "Kindly expedite." Jana mama wa masijala, mstaarabu kweli, akanifunulia faili. "Mwanangu, si unaona wamesema iharakishwe?" Nimeona, mama. Shikamoo na asante. Hii ni wiki ya tano.

Usiku jamaa ninayekaa naye chumba kimoja akanitolea uamuzi: neno halina kosa, expedite ni kufanya haraka, wavivu ni watu. Nikabisha mpaka jirani akagonga ukuta.

Neno hili limetoka Kilatini, expedire. Ex ni nje, na pes ni mguu (ndiko ilikotoka hata pedali ya baiskeli). Yaani kuutoa mguu kwenye pingu. Kinyume chake ni impede, kuutia mguu pingu. Sasa aliyefungwa miguu utamwambia "kimbia"? Utatafuta ufunguo! Haraka yetu sisi imetoka kwenye Kiarabu, kule maana yake ni mwendo, na harakati ni ndugu yake. Ndiyo maana mtu anaweza kufanya haraka kutwa nzima, viatu vinalia koridoni, na faili liko palepale. Rush nayo usiniletee. Ile inakaribia kulipua, na mimi sitaki alama zangu zilipuliwe.

Halafu kitenzi hiki kinataka kitu cha kutendwa. Hurry unaweza kumwambia mtu yeyote na akaelewa, anyanyue miguu basi. Lakini expedite nini? Pingu ipi, na afungue nani? Ukiandika "Please expedite" ukaishia hapo, hujaagiza mtu kitu, umehamisha karatasi kutoka meza yako tu.

Na mimi simo? Nimo sana. Barua yangu iliishia "kindly expedite as soon as possible", nimenakili kwenye ile barua inayozunguka hosteli nzima. Ni sawa na kusema harakisha haraka kwa haraka. Aibu yangu.

Kilichoniuma zaidi nimekijua jana hiyohiyo. Karatasi ya alama mhadhiri aliipeleka zamani. Haijaingizwa kwa sababu inasubiri sahihi moja tu, na sahihi hiyo ni ya bosi wa kwanza, yule wa wino mwekundu. Ufunguo anao yeye, halafu anaandikia wenzake wafungue!

Kesho saa mbili asubuhi niko mlangoni kwake na barua mpya, ya Kiswahili, mstari mmoja: "Naomba usaini karatasi ya alama iliyoko mezani kwako." Kalamu nabeba mwenyewe. Mwenye ubwabwa jioni anistue.