Hekalu Asubuhi, Risasi Alasiri

Katika mji wa Ho Chi Minh, ulioitwa Saigon mpaka mwaka 1976, kuna safari ya siku moja inayouzwa kwa bei ya chini. Mnunuzi huchukuliwa kwa basi asubuhi, akapelekwa kwenye hekalu kuu la Wakaodai huko Tay Ninh, mwendo wa kilomita zipatazo 100. Adhuhuri akatazama ibada. Alasiri akaingizwa katika mahandaki ya vita ya Cu Chi. Na jioni akarudishwa alikotoka. Nami niliinunua. Sina ugomvi na bei yake, maana msafiri maskini ana haki ya kuuona ulimwengu sawa na tajiri. Ugomvi wangu ni juu ya jinsi siku ile inavyotumiwa, na nitausema bila ya kumumunya maneno.

Dini ya Kaodai ilitangazwa mwaka 1926. Imekusanya mafundisho ya Ubuddha, ya Utao na ya Confucius, na alama yake ni jicho la kushoto, mfano wa jicho la Mungu. Penye mlango wa hekalu ipo picha ya wateule watatu, na mmoja wao ni Victor Hugo, mwandishi wa Kifaransa. Wengi wetu tulicheka tulipoiona. Mimi pia nilicheka, na sijivunii kicheko kile. Waumini husali mara nne kwa siku, na sala ya saa sita mchana ndiyo iliyopangiwa wageni. Tulipandishwa kwenye roshani. Chini yetu watu wenye kanzu nyeupe walikaa safu kwa safu, na viongozi wao wakavaa majoho ya manjano, ya buluu na mekundu. Kengele ikalia, nyimbo zikaanza. Ibada haijafika nusu, mwongozaji wetu akatazama saa yake, akatupungia mkono tushuke. Tukashuka kwa kishindo, kama watu watokao sokoni.

Laiti angetumia mwendo wa basi kutueleza tulichokiona! Katika miaka ya 1940 na 1950 Wakaodai walikuwa na jeshi lao wenyewe. Walipata msaada wa Wajapani kwanza, kisha wa Wafaransa, mpaka serikali ya Ngo Dinh Diem ilipolivunja jeshi hilo. Kiongozi wao, Pham Cong Tac, alikimbilia Kambodia mwaka 1956, akafa huko mwaka 1959. Mabaki yake hayakurudi Tay Ninh mpaka mwaka 2006. Vita vilipokwisha mwaka 1975, serikali mpya iliibana dini hiyo, ikaitambua rasmi mwaka 1997. Basi hekalu lile nalo lilipitiwa na vita, kama mahandaki yalivyopitiwa. Sisi tulionyeshwa rangi zake tu.

Mahandaki ya Cu Chi yalianza kuchimbwa wakati wa kupigana na Wafaransa, yakaongezwa katika vita na Wamarekani hata yakapita kilomita 200. Watu walikula, wakalala, wakatibiwa na kuzaa chini ya ardhi. Moshi wa jikoni ulipitishwa katika mifereji ili usionekane na ndege, na matundu ya hewa yalifichwa katika vichuguu. Ng'ambo ya mto Saigon, mwezi wa Januari 1967, kijiji cha Ben Suc kilifutwa: wakazi wakahamishwa kwa nguvu, nyumba zikachomwa na kusawazishwa kwa matingatinga.

Mgeni huonjeshwa muhogo wa kuchemsha, chakula cha wapiganaji wale, na huonyeshwa viatu vya mipira ya magari, ndugu wa akala zetu. Mambo hayo ni mema. Lakini nilipokuwa natafuna muhogo ule, milio ya bunduki ilisikika karibu. Pana uwanja ambapo mtalii hulipa kwa hesabu ya risasi, akafyatua silaha za vita vilevile kwa kujifurahisha. Vijana niliosafiri nao walikimbilia huko wakiwa na furaha ya watu waendao mpirani.

Nawauliza ninyi wanafunzi wa Kenya: mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa nguvu, ikawatia katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miti iliyochongwa. Kama mgeni angeuziwa risasi penye kimoja cha vijiji hivyo, apige shabaha kisha apige picha, bibi zenu wangesema nini?

Nitajibiwa kwamba Wavietnam wenyewe ndio waliofungua uwanja ule, nami si mtu wa kuwafundisha kuwaheshimu wafu wao. Tena fedha zile zinalisha nyumba za watu. Naikubali hoja hiyo kwa upande wa muuzaji. Haimwokoi mnunuzi. Hakuna aliyemshika mkono.

Wala umaskini si udhuru. Mabasi ya abiria huenda Tay Ninh, na huenda Cu Chi vilevile, kwa nauli ndogo. Mwenye siku moja tu na achague mahali pamoja. Akichagua hekalu, avue viatu, mwanamume apite upande wa kulia na mwanamke wa kushoto, akae kimya mpaka wimbo wa mwisho. Mimi wimbo huo sikuusikia. Nilikuwa tayari ndani ya basi, nikimngoja mtu mmoja aliyekwenda kununua soda.