Mzazi asisubiri polisi ndipo azungumze na mwanawe kuhusu bangi

Mfanyabiashara wa mpakani hujua bei ya vitenge Ariwara na bei ya unga Koboko kabla hakujapambazuka. Akiulizwa mwanawe wa miaka 15 hushinda na nani jioni, mara nyingi hana jibu. Bangi hupenya katika pengo hilo.

Omugo imepokea wakimbizi wa Sudan Kusini tangu 2017. Ni rahisi mwenyeji kumlaumu mkimbizi, na mkimbizi kumlaumu mwenyeji. Lakini watoto wao husoma pamoja, hucheza mpira pamoja, na anayewauzia msokoto haulizi kabila wala kitambulisho.

Kunyamaza nyumbani kuna gharama. Mei 2023, Mahakama ya Katiba ya Uganda ilibatilisha sheria ya dawa za kulevya ya 2015 kwa sababu ilipitishwa bila akidi bungeni. Kijana aliyesikia nusu ya habari hiyo anaweza kudhani bangi imeruhusiwa. Agosti mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria upya, tena yenye adhabu kali. Kenya na Tanzania nazo zimeipiga bangi marufuku. Kijana anayekubali kubeba kifurushi asichokijua kwenye gari la mizigo hujitia hatarini, na humtia hatarini mama mwenye mzigo.

Mazungumzo hayaanzi kwa fimbo. Mzazi aanze kwa kuuliza: "Mwanangu, naona siku hizi hupendi shule. Kuna nini?" Kisha asikilize hadi mwisho. Huenda kijana anatafuta usingizi baada ya kuona vita, au anaogopa kutengwa na wenzake. Kitisho cha "utakuwa kichaa kesho" hakisaidii, kwa kuwa anawaona wavutaji wakitembea wazima. Aambiwe ukweli: ubongo wa kijana bado unakua, na bangi huharibu kumbukumbu na umakini, kwa wengine huamsha ugonjwa wa akili. Aliyekwisha kuanza apelekwe kituo cha afya, asifukuzwe nyumbani.

Vyama vya wafanyabiashara hukutana kujadili ushuru na usafiri. Viongozi wao watenge saa moja ya mkutano huo, wawaite wazazi wa pande zote mbili pamoja na vijana wenyewe, na vijana waanze kusema. Mtaji ukipotea mpakani hutafutwa tena. Mtoto hana soko la kununuliwa mwingine.