Mwambie mtoto kuwa Jangwani palikuwa na watu

Ukipanda mwendokasi kutoka Kivukoni kwenda Kimara, ukishapita kituo cha Fire basi linateremka bondeni. Hapo ndipo Jangwani. Dakika chache tu unapanda tena Magomeni Mapipa. Abiria wengi wakati huo wameinamia simu, na sishangai, maana dirishani siku hizi kuna nyasi, maji yaliyotuama na mitambo ya ujenzi.

Kwa mpango uliopo, bonde hilo litakuwa bustani kubwa ya jiji. Mto Msimbazi utapanuliwa, daraja litanyanyuliwa, na pale palipokuwa na nyumba patapandwa miti. Nyumba nyingi zilivunjwa mwaka 2024 baada ya wenyewe kulipwa. Mzazi mwenzangu uliyekulia Suna, Mkwajuni, Hananasif bondeni au Jangwani kwenyewe, leo nina neno na wewe.

Miezi michache iliyopita nilipita pale na mama yangu mzazi na mwanangu wa kiume mwenye miaka tisa. Mtoto alitazama nje akasema, bila ubaya wowote, "Kumbe hapa hapajawahi kukaa mtu." Mama alikaa Jangwani zaidi ya miaka 20. Aligeuza uso akanyamaza mpaka Usalama. Baadaye nilipomuuliza mbona hakumjibu mjukuu wake, akaniambia, "Angejuaje? Wewe ulishamwambia?"

Sikuwa na jibu, na najua siko peke yangu. Sisi tuliotoka bondeni tumejifunza kulitaja eneo lile kwa haraka. Ukiulizwa umekulia wapi unasema "Magomeni", unaishia hapo. Ukisema Jangwani, mtu anakuuliza kama na ninyi mlikuwa mnapanda juu ya bati mvua ikinyesha. Ndiyo, tulipanda. Lakini hayo si yote.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na uani kulikuwa na choo, bafu na mwarobaini mmoja. Kila chumba familia. Ukuta wetu na wa jirani ulikuwa kama mmoja, redio ikiwashwa kule sisi tunasikia taarifa ya habari bila kununua betri. Mchana hukujua utakula kwa nani. Ukikutwa unacheza rede kwenye uwanja wa watu na chakula kimeiva, unanawa. Ukikosea, unachapwa hapohapo, na ukirudi nyumbani kusema unaongezwa. (Sisemi turudi kwenye kuchapana, nasimulia tu yalivyokuwa.) Wavulana walicheza chandimu mpaka adhana ya magharibi, na siku Yanga ikishinda hapakulalika, klabu yenyewe iko pua na mdomo.

Kitu ninachokikumbuka kuliko vyote ni ukuta wa pembeni ya mlango wetu. Baba alikuwa akitupima urefu pale kwa mkaa kila sikukuu ya Idi. Kwenye ukuta huohuo kulikuwa na mstari wa kahawia ulioachwa na maji ya mafuriko. Ulipakwa chokaa, ukarudi. Mvua za El Nino za mwaka 1997 kuingia 1998 ziliacha mstari mwingine juu ya ule wa kwanza. Mdogo wangu alipouvuka ule wa chini kwa urefu, mama alifurahi kupita kiasi. Nilidhani anafurahia mtoto kukua. Nilipozaa ndipo nikaelewa alikuwa anapiga hesabu gani.

Kwa hiyo ukimsimulia mwanao, usimpe utamu peke yake. Desemba 2011 Dar es Salaam ilipata mvua ambayo tuliambiwa haijaonekana tangu mwaka 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa. Baada ya hapo familia nyingi za bondeni zilipewa viwanja Mabwepande, mbali na Kariakoo walikokuwa wakipata riziki, na wapo waliorudi bondeni wakijua kabisa kilichowasubiri. Mtoto mkubwa anaweza kuelewa hilo: mama anayeuza vitumbua alfajiri hawezi kuhamia mahali ambapo nauli inakula faida yote. Mwambie pia kwamba mto ule unatoka upande wa milima ya Pugu, unapokea taka na mchanga wa mitaa yote unayopita, na unapofika Jangwani ndipo unapotanuka. Ni njia yake. Mimi ninaona bustani ni jambo jema, na sipendi mtoto yeyote apimwe tena kwa mstari wa matope. Mama yangu haoni hivyo kabisa. Anasema wangejenga kingo mapema watu wangebaki. Tunabishana, na mtoto anasikiliza pande zote mbili.

Wazazi wengine hunishauri nisubiri mtoto aulize mwenyewe. Atauliza nini, kama haoni hata tofali? Kwetu tumeanza na simu. Jioni mama akiwa amepumzika, mjukuu anamrekodi. Hatuanzi na mafuriko, tunaanza na majina: chumba cha kwanza kulia alikaa nani, alikuwa anafanya kazi gani, watoto wake wako wapi sasa. Dakika kumi zinatosha, akichoka mnaacha. Msimsahihishe mzee katikati ya maneno, hata akichanganya miaka.

Juzi walichora ramani nyuma ya daftari la hesabu. Mtoto aliweka mwarobaini karibu na bafu. "Hapana, mume wangu," mama akamwambia, "mti ulikuwa jikoni, tukipikia kivulini. Futa." Akafuta. Kisha akauliza kama kwenye bustani watauacha mti huo. Mama akacheka, akasema ulishakatwa zamani, ila kama watapanda miti mingine basi wapande mwarobaini, kwa sababu mtoto akipata homa majani yake ya kuoga yatakuwa karibu.