Hiyo 34 yenu haijafika Matisi

Wacha niseme hii kitu, mkinikasirikia ni sawa.

Juzi kwenye kikao cha vijana hapa Kitale, jamaa mmoja wa suti alisimama akatuambia Trans Nzoia tuko poa. Umaskini ni asilimia 34, taifa ni 36.1, kwa hivyo tuko chini ya wastani. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Niliacha kampasi mwaka wa pili, karo iligoma, lakini takwimu kidogo nilitoka nazo, na hayo makofi yaliniuma.

Hizo namba ni za utafiti wa KNBS wa 2015/16. Walichagua nyumba 24,000 Kenya nzima. Gawa kwa kaunti 47, unapata kama nyumba 510 kila kaunti. Trans Nzoia, kwa sensa ya 2019, tuko watu 990,341. Simaanishi nyumba 510 ni uongo. Mathe haitaji kunywa sufuria yote ya supu ndio ajue chumvi imetosha. Lakini kwa nyumba 510, hiyo 34 inacheza kama pointi nne juu na nne chini. Na kwa vile nyumba zilichukuliwa kumi kumi pahali pamoja, inacheza hata zaidi. Yaani inaweza kuwa 30, inaweza kuwa 38. Sasa hapo tumeshinda taifa aje? Mlipigia makofi tofauti ambayo huenda haiko.

Na hiyo ni kaunti nzima, kutoka mashamba ya mahindi kule Cherangany mpaka ploti za mabati hapa kwetu. Hiyo sampuli haikutengenezwa kusema chochote kuhusu wodi ya Matisi. Tukiitwa ghala la chakula la taifa, mtoto wa ploti yetu anayelala na chai ya rangi anahesabiwa ndani ya ghala.

Twende kwa watoto wenyewe, kwa sababu hapa ndio nilishtuka. Laini ya umaskini ya mjini ilikuwa shilingi 5,995 kwa mwezi kwa mtu mzima. Kijijini, 3,252. Mtoto wa chini ya miaka mitano hahesabiwi mtu mzima, anahesabiwa 0.24. Wa miaka 5 mpaka 14 ni 0.65. Piga hesabu: mtoto mdogo wa mjini ni kama shilingi 1,439 kwa mwezi, 48 kwa siku. Sawa, anakula kidogo, hiyo naelewa. Lakini dawa ya kifua haiuzwi robo bei kwa sababu mgonjwa ni mdogo. Tena wanachukua matumizi ya nyumba yote na kudhani kila mtu alipata sehemu yake. Ukijua baba anayekunywa pesa ya unga, unajua hiyo dhana inaficha nini.

KNBS na UNICEF wanalijua hili. Ripoti yao ya 2020 haikuishia kwa pesa, iliangalia pia maji, choo, shule, nyumba na lishe, na zaidi ya nusu ya watoto wa Kenya wakaonekana maskini. Mbona hiyo haikusomwa kwenye kikao?

Halafu kuna wale mnaita chokoraa. Utafiti wa nyumba unaanza na nyumba. Kama huna mlango, hakuna wa kukubishia. Mwaka wa 2018 serikali ilihesabu watu wa mitaani nchi nzima ikapata 46,639, lakini hao hawamo ndani ya 34. Tembea Kitale mjini saa mbili usiku uniambie wako wapi kwa hiyo asilimia.

Na si story za darasani, ni pesa. Hazina ya Usawazishaji ilipoanza ilichagua kaunti 14 nzima. West Pokot, jirani yetu, ilikuwa ndani, sisi nje. Baadaye Tume ya Ugavi wa Mapato ilikubali kwamba kaunti ni kubwa mno, ikashuka mpaka maeneo 1,424 ndani ya kaunti 34. Kushuka kunawezekana. Utafiti unauliza nyumba chache maswali mengi, sensa inauliza kila mtu maswali machache: mabati, maji, choo, shule. Unaunganisha hizo mbili na kukadiria mpaka wodi. KNBS na SID walifanya hivyo na matumizi ya nyumba mwaka wa 2013, wakitumia sensa ya 2009. Nayo pia ni makadirio, ina makosa yake, lakini angalau inajua Matisi iko.

Wasee wa "data ni uongo wa wakubwa", hapana, siko na nyinyi. Mkikataa namba zote, mtu wa suti anabaki na yake peke yake. Mimi nataka namba zaidi, za watoto, za wodi, na hiyo juu-na-chini iandikwe kando yake.

Kikao cha bajeti kikirudi nitakaa kiti cha mbele. Swali langu ni moja: kwa watoto wa Matisi, mlitumia namba gani?