PICHA NI YA NANI?



Wengi wetu tunaopiga picha twadhani kwamba picha ni mali ya aliyeipiga, na basi. Sheria haisemi hivyo, na kutojua kwetu kumetutia hasara.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yamtambua aliyeipanga picha kuwa ndiye mtunzi wake. Haki hiyo huwapo bila ya kuandikishwa, nayo hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ambao picha ilipigwa au ilitolewa mara ya kwanza, ule ulio wa baadaye.

Lakini mwiba uko katika kifungu cha 31. Ukiwa umeajiriwa, na picha umeipiga katika kazi yako, hakimiliki humwendea mwajiri. Hata fundi anayejitegemea, akiagizwa picha za arusi, haki humwendea aliyeagiza. Ndivyo ilivyo, ila wakiwa wamepatana vingine.

Wenzetu, yashikeni maneno hayo ya mwisho. Mlango sheria imeuacha wazi, ila sisi hatujaupita.

Mpiga picha wa gazeti hulipwa mshahara wa mwezi, na picha yake yaweza kuuzwa kwa vitabu, kalenda na matangazo hata yeye akiwa amestaafu, wala senti moja isimfikie. Hatusemi mwajiri asipate kitu, kwa maana ametoa kamera, gari na mshahara. Twasema mpigaji naye apate fungu lake kila picha inapouzwa tena. Neno hili na litiwe katika mapatano ya chama na waajiri. Mtu akiliomba peke yake ataambiwa kwamba wako wengi langoni wanaotaka kazi.

Tena iko haki isiyoondoka hata hakimiliki ikihama, nayo ni jina. Kifungu cha 32 chamruhusu mtunzi kudai kwamba kazi ile ni yake. Picha yako ikitoka bila jina, usinyamaze; lete habari kwa katibu wa tawi.

Nanyi mnaojitegemea, pataneni kabla ya kupiga picha, si baada ya kuzikabidhi. Andikeni ni nani mwenye haki, picha zitatumiwa wapi, na kwa malipo gani. Kisha pande zote mbili zitie sahihi. Neno la mdomo husahauliwa siku ya kulipa, lakini karatasi haisahau.

Umoja ni nguvu.