Timu Hulelewa, Hainunuliwi



Dodoma Jiji ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2020, sisi wapenzi wa soka wa hapa Dodoma tulifurahi mno. Lakini kila dirisha la usajili linapofunguliwa, vijiweni husikika neno moja tu: nunueni!

Sisi tunaona vingine. Wachezaji waliokutana leo hawawezi kupigiana pasi kwa kuaminiana kesho. Kocha hulazimika kuwarudisha wote nyuma, wakabutua mipira mbele na kuomba bahati. Mbinu hutokana na mazoea, na mazoea hayauzwi.

Mbwana Samatta alipita African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe mwaka 2011, Genk mwaka 2016 na Aston Villa mwaka 2020. Alipanda ngazi kwa ngazi. Nanyi wanafunzi mnajua: hakuna anayehitimu juzuu bila kuanzia alifu.

Basi timu za mikoani zitenge fungu la kulea vijana wa Kongwa, Bahi na Chamwino. Wazazi nao wawaruhusu watoto kucheza, maadamu swala na masomo havipuuzwi. Subira ni chungu, lakini ndiyo njia.

Wabillahi tawfiq.